Jinsi ya kupima mchapuko wa lifti kwa springi na chupa ya maji

Swali la springi ndani ya lifti, yaani springi iliyotundikiwa mzigo inavuta kwa kani (nguvu) kiasi gani lifti inapotembea, wanafunzi wengi wa sekondari wanalijua kwa kanuni tu. Lifti ikipanda wanaandika m(g + a), ikishuka wanaandika m(g − a), wanapata maksi au wanakosa, wanasonga mbele. Hapo m ni tungamo (wingi wa maada) la mzigo, a ni mchapuko wa lifti, yaani kiasi mwendo wake unavyobadilika kila sekunde, na g ni mchapuko wa kitu kinachoanguka huru. Kanuni zenyewe ni sahihi. Kosa lipo kwenye maneno "ikipanda" na "ikishuka", na kosa hilo ukishaliona kwa macho hulirudii tena. Dar es Salaam ya leo ina lifti kila upande, kuanzia ofisi za Posta, fleti za Upanga, mpaka maghorofa ya maduka Kariakoo. Walimu wenzangu, na ninyi vijana wa kidato cha tatu kwenda juu, hakuna sababu ya somo hili kuishia ubaoni.

Unahitaji springi moja, chupa ya plastiki ya maji yenye kifuniko, rula ya sentimita 30, ubao wa kutengenezea stendi, na simu inayorekodi video. Ukiwa na mizani ya kupimia chupa, kazi itakuwa rahisi zaidi.

Hatua ya 1: Tafuta springi inayofaa

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Springi ya kalamu ni fupi mno, na ya pikipiki ni ngumu mno: ukiitundikia nusu kilo haitaonyesha lolote. Tafuta springi laini ya kuvuta, yenye ndoano ncha zote mbili, ambayo nusu kilo inairefusha kwa takribani sentimita 10. Maabara nyingi za shule zinazo. Kama shule yako haina, pita kwenye maduka ya vifaa Kariakoo au kwa mafundi wa eneo la Gerezani, na uende na chupa yako ya nusu lita mkononi ili ujaribu papo hapo kabla ya kulipa. Ukishaipata, ipake mafuta kidogo. Kwa hewa hii yetu ya bahari, chuma kisichopakwa kitu hakichelewi kushika kutu.

Kwa nini sentimita 10? Wengi hudhani springi laini zaidi ndiyo bora, kwa sababu inavutika sana na kusomeka kirahisi. Ni kweli inasomeka kirahisi, lakini inachosema si sahihi. Chupa iliyotundikwa kwenye springi haiendi moja kwa moja kwenye sehemu yake mpya lifti inapoanza kuondoka. Inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena. Springi ikiwa laini, mchezo huo unakuwa wa taratibu na mkubwa, na lifti inamaliza kuchapuka kabla chupa haijatulia.

Tazama tarakimu. Springi iliyovutika sm 25 kwa uzito wa chupa inapanda na kushuka mara moja kwa sekunde 1 hivi. Iliyovutika sm 10 inachukua sekunde 0.63. Iliyovutika sm 4, sekunde 0.4. Sasa chukua lifti inayotumia nusu sekunde kufikia mchapuko wake kamili, ikiuongeza kwa mfululizo ulio sawa. Ile springi ya sm 25 itapitiliza sehemu yake mpya kwa karibu asilimia 64 ya badiliko lenyewe. Ya sm 10 itapitiliza kwa asilimia 25, na ya sm 4 kwa asilimia 18. Ya sm 4 ndiyo inayosema ukweli zaidi, lakini kwa mchapuko wa 1 m/s² inasogea milimita 4 tu, na milimita 4 kwenye video ya simu ni shida kuzisoma. Sm 10 ndiyo mahali pa kati panapofaa.

Hatua ya 2: Ipime mezani kwanza

Itundike springi, weka rula nyuma yake, kisha ongeza maji kwenye chupa gramu 100 kwa gramu 100 (mililita 100 za maji ni gramu 100). Kila mara andika urefu. Chora grafu. Ikiwa nukta zinakaa kwenye mstari ulionyooka, springi inafuata kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka 1678: kani ikizidi mara mbili, urefu ulioongezeka nao unazidi mara mbili. Ukiona mstari unaanza kupinda juu, umeizidishia mzigo. Punguza, kwa sababu springi iliyovutwa kupita kiasi hairudi ilivyokuwa.

Jambo moja vitabu vingi vya shule hulipita. Springi nyingi za dukani zina mizunguko iliyobanana, na haianzi kuachana mpaka uweke gramu kadhaa. Grafu yake inanyooka lakini haianzii kwenye sifuri. Springi ya namna hiyo si mbovu. Ila kwa springi hiyo huwezi kutumia ule mkato wa "urefu ulioongezeka gawanya kwa g" kupata m/k, ile namba tutakayoihitaji kwenye hatua ya 3. Tumia mteremko wa grafu, au tumia njia ya hatua inayofuata, ambayo haijali kabisa mizunguko imebanana au la.

Hatua ya 3: Rekebisha maji mpaka milimita 1 iwe 0.1 m/s²

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Lifti ikichapuka kwa kiasi a, chupa inahama kutoka mahali pake pa utulivu kwa umbali wa (m/k) × a, ambapo m ni tungamo la chupa na maji yake, na k ni ugumu wa springi. Ukilifanya m/k liwe 0.01 kwa vipimo vya kilo, mita na sekunde, basi kila milimita 1 ya kuhama ni 0.1 m/s². Rula yako imegeuka kuwa kipima mchapuko, na huhitaji kikokotoo ndani ya lifti.

Utajuaje kuwa m/k imefika 0.01? Kwa saa. Muda wa chupa kupanda na kushuka mara moja ni 2π√(m/k), na kwa m/k ya 0.01 hiyo ni sekunde 0.628. Kwa hiyo ivute chupa chini sentimita moja au mbili, iachie, na uhesabu mizunguko 20. Inapaswa kuchukua sekunde 12.6. Ikichukua zaidi, punguza maji. Ikichukua pungufu, ongeza. Kwa springi yenye ugumu wa nyutoni 50 kwa mita utaishia kwenye nusu kilo hivi. Funga kifuniko vizuri na uweke alama ya wino kwenye usawa wa maji.

Hatua ya 4: Stendi na simu

Usiishike springi kwa mkono. Mkono wa mtu unatikisika, na mtu mwenyewe anayumba lifti inapoondoka. Fundi seremala yeyote atakupigia stendi ya mbao yenye umbo la herufi L iliyopinduliwa, na kitako kizito, kwa muda mfupi. Springi itundikwe kwenye msumari wa juu, rula ifungwe wima nyuma ya chupa, na kwenye chupa ubandike mshale mwembamba wa karatasi ngumu unaogusa alama za rula bila kuikwaruza.

Simu nayo ifungwe kwenye kitako hicho hicho, usawa wa mshale. Ikiwa juu au chini ya usawa huo, utasoma namba isiyo yake. Video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde inatosha: kila mzunguko wa chupa utakupa picha kama 19.

Ukitaka kuituliza chupa haraka zaidi, chomeka chini yake kijiti chenye kisahani cha plastiki cha upana wa sm 4 au 5, kizame ndani ya kopo la maji lililojaa nusu. Kisahani kibaki ndani ya maji muda wote. Mtu makini atauliza: maji si yanakiinua kisahani, kipimo hakiharibiki? Kidogo sana, kwa sababu plastiki na maji vinakaribiana uzito. Na hata huo mwinuo wenyewe unaongezeka na kupungua pamoja na mchapuko wa lifti, kwa uwiano ule ule wa uzito. Ila kipimo cha saa cha hatua ya 3 kifanye kabla ya kuzamisha kisahani, maana maji yanachelewesha mizunguko.

Hatua ya 5: Lifti na ruhusa

Chagua jengo ambalo lifti inaweza kwenda ghorofa sita au zaidi bila kusimama. Siku za kazi usijaribu Kariakoo. Lifti inasimama kila ghorofa na mizigo ya watu inaingia na kutoka. Jumapili asubuhi ni nzuri, na kwenye majengo ya ofisi ya Posta, Jumamosi jioni.

Usiingie na stendi na waya bila kusema neno. Mfuate msimamizi wa jengo mapema, na siku yenyewe anza na mlinzi: "Shikamoo mzee. Sisi ni wanafunzi, tunafanya jaribio la fizikia, msimamizi ana habari zetu. Tunaomba safari chache za lifti, mtu akija tunampisha." Mwonyeshe chupa na springi, na mwalike aingie atazame. Wengi wanakubali.

Ndani ya lifti hakuna kuruka, hakuna kuzuia mlango kwa mguu, na msijazane. Umeme ukikatika, tulieni na mbonyeze kitufe cha kengele.

Hatua ya 6: Safari

Weka stendi sakafuni, subiri chupa itulie kabisa, anza kurekodi, kisha bonyeza ghorofa ya juu. Taja kwa sauti kila namba ya ghorofa inapobadilika. Sauti hiyo itakusaidia kwenye hesabu. Ukifika juu, acha video iendelee sekunde kadhaa, halafu rudi chini kwa mtindo ule ule.

Utakachokiona ni hiki. Lifti inapoondoka kwenda juu, chupa inashuka kidogo kwenye rula. Lifti ikishashika mwendo wake, chupa inarudi pale ilipokuwa wakati lifti imesimama, ingawa lifti bado inapanda ghorofa baada ya ghorofa. Inapokaribia kusimama juu, chupa inapanda. Safari ya kurudi, mwanzo chupa inapanda, katikati inatulia pale pale pa kawaida, na mwisho inashuka.

Sasa lile kosa la mwanzo limejionyesha. Lifti inayopanda huku inapunguza mwendo ina mchapuko unaoelekea chini, na springi inalegea ingawa unaenda juu. Lifti inayoshuka huku inafunga breki ina mchapuko unaoelekea juu, na springi inavutika zaidi. Usiulize lifti inaenda wapi, uliza mchapuko unaelekea wapi. Chupa ina kani mbili tu: springi inaivuta juu, dunia inaivuta chini. Kani ya springi ukitoa uzito ni sawa na tungamo mara mchapuko. Mchapuko ukielekea juu, springi lazima ishinde. Ukielekea chini, uzito ushinde. Mchapuko ukiwa sifuri, zinalingana, na mwendo wa lifti hauhusiki hata kidogo.

Kama umetundika mizigo miwili, mmoja chini ya mwingine kwa uzi, au springi mbili zilizoungwa mfululizo, usitafute kanuni mpya. Kila uzi na kila springi inazidishiwa kani yake kwa namba moja: (g + a) gawanya kwa g, na a ikiwa hasi mchapuko ukielekea chini.

Hatua ya 7: Soma katikati, usisome kileleni

Hapa ndipo majaribio mengi ya lifti yanapoharibika. Mtu anafungua video, anatafuta mahali mshale ulipofika mbali zaidi, anaandika namba hiyo. Hiyo si kipimo cha mchapuko. Kwa lifti inayoanza ghafla, chupa inafika mara mbili ya umbali unaotakiwa kabla ya kurudi. Ukisoma kilele hicho utaandika 2 m/s² kwa lifti ya 1 m/s².

Sitisha video picha kwa picha. Tafuta sehemu ya chini kabisa mshale ulipofika, kisha sehemu ya juu inayofuata kabla ya kushuka tena, na uchukue katikati yake. Kipindi cha kuchapuka kwa kawaida kinadumu sekunde moja hadi mbili, kwa hiyo utapata mizunguko miwili au mitatu. Inatosha.

Tuseme mshale umeshuka mm 11, ukarudi hadi mm 7. Katikati ni mm 9, na kwa chupa iliyorekebishwa kwenye hatua ya 3 hiyo ni 0.9 m/s². Aliyesoma kilele angeandika 1.1.

Lifti za zamani zenye injini ya kasi mbili huanza kwa kishindo, na kabla ya kusimama hutambaa polepole kutafuta usawa wa sakafu. Zenye injini inayoongozwa kielektroniki huanza taratibu. Ukipima zote mbili, linganisha jinsi chupa inavyocheza, si kipimo cha mchapuko peke yake. Michapuko inaweza kukaribiana na bado moja ikakushtua tumboni, kwa sababu tumbo linahisi zaidi jinsi mchapuko unavyoingia kwa ghafla.

Hatua ya 8: Hakiki

Usiamini namba yako mpaka umeijaribu kwa njia nyingine. Zidisha mchapuko kwa muda wake, ukihesabu kutoka katikati ya kuingia kwa mchapuko hadi katikati ya kutoka kwake. Kwa mfano wetu, 0.9 kwa sekunde 1.8 ni mwendo wa 1.62 m/s. Fanya hivyo hivyo kwenye kusimama: tuseme mm 8 kwa sekunde 2.0, yaani 1.6 m/s. Lifti ilianza ikiwa imesimama na ikaishia imesimama, kwa hiyo namba hizi mbili hazina budi kulingana. Zikipishana sana, mojawapo umeisoma kileleni.

Kisha nenda kwenye ngazi. Hesabu vidato kati ya ghorofa mbili, zidisha kwa kimo cha kidato kimoja. Vidato 18 vya sm 17 ni mita 3.06. Kwa 1.62 m/s, kila ghorofa inapaswa kupita kwa sekunde 1.9. Sikiliza video yako, ile sauti iliyokuwa ikitaja ghorofa, na upime kwa saa.

Njia ya tatu ni simu. Ndani ya simu yako kuna kitungamo kidogo mno kilichoshikiliwa na springi za silikoni, na umeme unapima kinavyohama. Ni chupa yako ile ile, ila inatulia haraka sana. Programu ya bure ya phyphox inaonyesha namba hizo, na ina jaribio maalumu la lifti. Simu ikiwa imetulia mezani itaonyesha takribani 9.8, kwa sababu kama springi yako, inapima kile kinachoishikilia isianguke. Hapa Dar thamani halisi ya g ni karibu 9.78, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kwa kazi hii tofauti hiyo haina athari.

Mizani nyingine za kujaribu

Ile mizani ya saa ya kutundika watoto kliniki ina springi, na ndani ya lifti itabadilika. Mizani ya bafuni yenye mshale vilevile: mtu wa kilo 60 atasoma karibu 66 lifti ikichapuka juu kwa 1 m/s², na karibu 54 ikichapuka chini. Za namba za umeme nyingi zinangoja mtu atulie ndipo zionyeshe, hivyo hazifai.

Lakini chukua mizani ya mawe ya dukani, yenye sahani mbili, uweke mchele upande mmoja na jiwe la kilo upande wa pili. Ndani ya lifti haisogei, kwa sababu uzito wa jiwe na wa mchele unabadilika pamoja. Mizani ya mawe inalinganisha tungamo, ya springi inapima kani. Fanyeni majaribio haya mawili katika safari moja.

Springi na pendula

Kabla lifti haijaondoka, ichezeshe chupa makusudi, kisha bonyeza kitufe. Chupa itahamisha mahali pake pa katikati, lakini muda wa mzunguko utabaki sekunde 0.63, iwe lifti inachapuka au la. Muda huo unategemea m na k tu. Pendula ya uzi (kitu kidogo kinachobembea mwisho wa uzi) haiko hivyo: yenyewe inategemea g + a, na kwa mchapuko wa juu wa 1 m/s² kila mzunguko unafupika kwa karibu asilimia 5. Katika sekunde mbili tofauti hiyo ni ndogo, hivyo kwa pendula tumia video ya polepole.

Kuanguka huru

Kanuni inasema lifti ikianguka huru, a inalingana na g, na springi inarudi kwenye urefu wake kama haina mzigo. Hilo halijaribiwi kwenye lifti, na kwa bahati njema lifti haianguki kirahisi. Mwaka 1854 jijini New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanasa. Kilicholinasa kilikuwa springi ya gari la farasi: kamba ikiwa imekaza, springi ilikuwa imepinda, kamba ilipokatika, springi ilinyooka na kuingiza vishikizo kwenye meno ya reli za pembeni.

Wewe tumia godoro. Tundika chupa kwenye mizani ndogo ya springi ya maabara, ishike mita 1 juu ya godoro, na uiachie yote pamoja. Kuanguka kunachukua sekunde 0.45, muda wa kutosha mshale kurudi kwenye sifuri kabla ya kutua. Simu iwe pembeni kwenye video ya polepole, na usome picha za kabla mizani haijagusa godoro tu. Za baada ya hapo zinaonyesha kishindo cha kutua, hazihusiani na swali hili.